Pengo la Kupitishia Maziwa

Nilipokuwa mtoto, jino lilikuwa na njia mbili tu za kuondoka mdomoni. Jino la utoto lilirushwa juu ya paa, ukamwomba panya akuletee jipya, kisha ukakimbia bila kugeuka nyuma. Hilo kila mtoto wa kwetu Hanang alilijua, na sijawahi kusikia panya akilalamika. Jino la ukubwani lilikuwa jambo lingine kabisa. Likitoka, lilitakiwa kutiwa kwenye maziwa na kuzikwa zizini kabla jua halijazama, pale samadi inapokuwa laini. Sijui kama hiyo ilikuwa desturi ya watu wote au ya bibi yangu peke yake. Kwetu sisi wajukuu, alichosema bibi ndiyo ilikuwa desturi, na hatukumtafuta mwingine wa kumuuliza.

Tulimwita Aama, kama Wairaqw wanavyomwita bibi, ingawa yeye alizaliwa Mbarbaig huko chini uwandani, akaolewa na babu yangu aliyekuwa mkulima wa mlimani. Alikuwa na pengo katikati ya meno ya chini. Meno ya hapo hayakuoza wala hakupigwa. Aling'olewa akiwa msichana, kwa makusudi, kama wasichana wenzake wote wa wakati wake. Wakati anasuka vikapu alipitisha ncha ya ulimi pale bila kujua, na sisi tulimwigiza nyuma ya mgongo wake tukicheka mpaka tunakosa pumzi.

Siku moja nilimuuliza pengo lile linafaa nini.

"Ni mlango," alisema. "Taya likifunga, maziwa yatapita wapi?"

Nilicheka. Taya hufungaje, kwani ni duka? Aama hakucheka. Alinitazama mdomoni, kwenye meno yangu ya chini yaliyojaa safu nzima, akaguna na kurudi kwenye kikapu chake.

Miaka hiyo serikali ililima ngano kwetu. Ukisimama juu kidogo ya Katesh ukatazama uwandani uliona ngano tu, na wakati wa mavuno vumbi la kombaini lilionekana kutoka mbali kabla hujasikia mlio wake. Aama aliijua nchi ile kabla ya ngano, alipokuwa akichunga humo ndama wa baba yake, na kila tulipoteremka alitutajia majina ya visima ambavyo sisi hatukuviona. Hakulalamika mbele yetu. Ila alitembea katika mashamba yale kama mtu anayepita sebuleni kwa jirani, mahali ambapo zamani palikuwa kwake.

Tuliteremka kuokota ngano. Kombaini ikijaa ilimimina ngano kwenye tela, na upepo wa Hanang haujui kukaa kimya, kwa hiyo nyingine ilimwagika pembeni. Wasimamizi walifumba macho kwa muda. Wanawake na watoto waliokota haraka haraka, kisha walikuja vibarua na mabeleshi kuzoa kilichobaki na kukirudisha kwenye magunia. Ilikuwa ni mbio kati yetu na mabeleshi.

Siku hiyo tulikuwa watatu: Aama, mimi niliyekuwa darasa la nne, na binamu yangu Petro, aliyenizidi umri na kimo. Petro alikuwa akijaza debe, mimi nafagia kwa viganja karibu na miguu yake. Akaliinua debe kwa nguvu ili alitupie begani. Sikumwona, naye hakuniona. Ukingo wa debe ulinipata kwenye mdomo wa chini, na nikasikia mlio ndani ya kichwa changu, kitu kama kijiti kikavu kinavyokatika.

Nilikaa chini. Nilipopeleka ulimi mbele, ulipita moja kwa moja hadi nje. Damu ilinichuruzika kifuani na kudondokea kwenye ngano, na Petro alilia kabla yangu.

"Nimemuua! Aama, nimemuua!"

Aama alikuja, akanishika kidevu, akatazama. Ninachokumbuka ni kwamba uso wake haukuonyesha huruma. Ulionyesha hofu, na sikuwahi kuiona kwake kabla ya hapo.

"Umelimeza?"

Nikatikisa kichwa. Sikujua.

"Fikiri. Umemeza kitu?"

"Hapana."

"Basi liko humu. Kila mtu asimame alipo. Petro, usinyanyue mguu."

Nadhani msomaji hajawahi kutafuta jino kwenye ngano. Punje za ngano zina rangi ileile ya jino, na kila uliloliokota ukadhani ndilo lilikuwa punje nyingine iliyovimba. Aama alinipa ncha ya shuka yake niing'ate, akapiga magoti, akaanza kuchota ngano kidogo kidogo kuitia kwenye ungo. Alipepeta taratibu. Makapi yaliruka, punje zikacheza mbele, na vitu vizito, mawe na udongo mkavu, vilibaki nyuma karibu na tumbo lake. Alivitazama kimoja kimoja, akamwaga pembeni, akachota tena. Midomo yake ilikuwa inatembea lakini sauti haikutoka.

"Aama, nitaota jingine?" nilimuuliza kupitia shuka.

"Nyamaza. Likipotea litasagwa na watu watalila. Jino lililoliwa hurudi lenyewe kuufunga mdomo lilikotoka."

Ndipo nilipoanza kulia kwelikweli. Mpaka hapo niliumia tu. Sasa niliogopa, kwa sababu vibarua walikuwa wamekwisha kuanza kuja na mabeleshi begani, na mbele yao msimamizi, mtu wa kuja, mwenye kofia ya kitambaa na sauti ya kuzoea kelele za mitambo.

"Muda umekwisha, mama. Ondokeni hapo, ngano inarudi kwenye magunia."

"Shikamoo," Petro alimwambia akiwa amesimama kwa mguu mmoja, maana alikuwa amekatazwa kuushusha mwingine.

"Marahaba. Wewe una nini?"

Aama hakuacha kupepeta. "Kuna jino humu."

"Jino la nini?"

"La huyu mtoto."

Msimamizi aliniangalia, akaiangalia damu kwenye ngano, kisha akayaangalia magunia yaliyokuwa yamefungwa nyuma yetu. Niliona uso wake ukibadilika polepole.

"La mtu? Humu ndani?"

"Likienda mashineni, atakayelila simjui," Aama alisema. "Aliyelipeleka nitamjua."

Yule bwana alikuwa amesoma, na sina shaka kwamba Jumapili aliwacheka watu wa imani kama zetu. Lakini kuna mambo ambayo shule hufika mlangoni mwake ikavua viatu. Aliwageukia vibarua.

"Pumzikeni kidogo. Vuteni sigara. Wewe mama, fanya haraka, wakubwa wanapita na Landrova sasa hivi."

Vibarua hawakuvuta sigara. Walikaa mduara, mbali kidogo, wakitazama ule ungo. Hata mzee mmoja aliweka beleshi lake chini kwa adabu, kama tuko msibani.

Aama alilipata karibu kabisa na goti langu, chini ya ngano iliyoganda kwa damu. Alilishika kwa kucha, upande wa juu. Nilishangaa urefu wake. Sikuwa najua kwamba sehemu kubwa ya jino huishi ndani, gizani, na kinachoonekana ni kidogo tu. Aama hakulifuta. Alifungua kibuyu cha maziwa tuliyokuja nayo kwa ajili ya mchana, akalidondosha humo, akafunga, akakaa kitako na kupumua.

"Haya," alisema. "Twende nyumbani. Jua bado lipo."

Msimamizi ndiye aliyeharibu mpango huo. Aliona mdomo wangu ulivyopasuka, akasema mtoto huyu ashonwe, na akatupakia kwenye gari la shamba lililokuwa linapita karibu na zahanati. Aama alikubali kwa ajili ya mdomo tu. Njia nzima alikipakata kibuyu kama mtoto mchanga na kulitazama jua.

Nesi wa zahanati aliitwa Zuhura. Alitoka Tanga, hakuwa amekaa sana kwetu, na baridi ya Hanang ilimshinda hata akavaa sweta juu ya gauni jeupe mchana kweupe. Alimwamkia Aama kwa kupiga goti kidogo, akanilaza, akanisafisha, akanishona mdomo. Alikuwa na mikono myepesi. Kisha akauliza swali lililosimamisha kila kitu.

"Na jino lenyewe li wapi?"

"Ninalo," Aama alisema. "Ni la kuzika."

"Nionyeshe, bibi."

Aama alisita, akafungua kibuyu. Nesi Zuhura alichungulia, akamtazama Aama kwa mshangao.

"Nani aliyekwambia uliweke kwenye maziwa?"

"Ningeliweka wapi?"

Nesi akasema, taratibu, kwamba huko alikofanya kazi mwanzo alimwona daktari wa meno akilirudisha jino la mtoto mahali pake, likashika. Jino lenyewe lilikuwa limetunzwa kwenye maziwa. "Nami naweza kujaribu. Huenda nikashindwa, sikufichi. Lakini likikauka, basi tena."

"Kulirudisha?" Aama alisimama. "Mdomoni?"

"Ndiyo, bibi."

"Hapana."

"Bibi, huyu ni msichana. Atakaa na pengo maisha yake yote."

"Ndiyo. Akae nalo. Mungu amemfungulia mlango, na wewe unataka kuufunga?"

Nesi hakuelewa. Alinitazama mimi, akamtazama Petro, kana kwamba mmoja wetu angeweza kumtafsiria. Hatukuweza. Hapo ndipo Aama alipokaa tena kwenye benchi na kusema, kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, jambo ambalo sikuwahi kulisikia nyumbani kwetu.

Alikuwa na binti, dada mkubwa wa baba yangu, jina lake Elizabeti. Nilijua tu kwamba alikufa. Elizabeti alipofikia umri wa kung'olewa meno ya chini, shuleni walikataza, na katekista alisema hayo ni mambo ya giza. Aama alikubali. Binti akakua na meno yote, mazuri, watu walimsifia. Halafu akachomwa na mwiba mguuni wakati wa palizi. Kidonda kikapona. Siku si nyingi baadaye taya likaanza kukaza.

"Mdomo ukafunga hivi," Aama alisema, akayauma meno yake, na katikati ya meno yale pengo lilionekana jeusi. "Yuko hai. Macho yananiangalia. Ana kiu. Namwaga maziwa, yanarudi. Yanateremka shingoni. Namwaga tena. Nilitafuta mahali pa kupitishia, binti yangu. Nilitafuta hata kwa jani la nyasi. Meno yote yamejaa."

Nje jogoo wa mtu alikuwa anawika saa zisizo zake.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Wengi huutumia msemo huo kumcheka mwoga. Mimi tangu siku ile siutumii kwa kucheka.

Nesi Zuhura alivuta kiti akakaa mbele ya Aama, magoti yao yakagusana.

"Ugonjwa huo tunauita pepopunda, bibi. Unaingilia kwenye kidonda, unatoka kwenye udongo. Nitamchoma huyu sindano ya kuuzuia, jino lirudi lisirudi."

"Sindano hiyo ilikuwa wapi wakati ule?"

"Sijui, bibi. Sikuwepo."

"Na ikishindwa? Taya likifunga na wewe umeziba mlango?"

Nilimwona yule nesi akifikiri. Angeweza kusema haitashindwa. Watumishi wengi wangesema hivyo, ili foleni isogee.

"Ikishindwa, nitaling'oa mimi mwenyewe," alisema. "Nyumba yangu ni ile pale yenye mlango wa kijani. Uje saa yoyote. Ukinikuta nimelala uniamshe, ukinikuta naswali unisubiri kidogo tu."

Aama alilitazama jua dirishani. Lilikuwa limeanza kushuka. Akakitazama kibuyu, kisha mimi. Nilitamani jino langu, nasema kweli. Nilikuwa nimekwisha kuwaza jinsi darasa zima litakavyoniita kizee. Lakini wakati huohuo nilikuwa nimemwona Elizabeti, shangazi nisiyemjua, maziwa yakimteremka shingoni, na sikujua niombe nini. Nikafumba macho ili uamuzi usiwe wangu.

"Fanya," nilimsikia Aama akisema. "Lakini uzi uuache mrefu. Niweze kuushika."

Nesi alilisuuza jino bila kuligusa upande wa mzizi, akalisukuma mahali pake. Maumivu yake siyaelezi. Akalifunga kwa uzi wa kushonea kwenye meno ya jirani, na ncha moja akaiacha ndefu, ikaning'inia nje ya mdomo wangu mithili ya sharubu la kambale. Baadaye aliniambia kwamba ile ncha haikuwa na kazi yoyote ya kitabibu. Ilikuwa ya Aama.

Kuanzia hapo kila alfajiri Aama aliingia chumbani na kijiko cha mbao.

"Paulina. Fungua."

Nilifungua. Aliingiza kijiko, akakigeuza wima, akakitoa. Kikipita, alikwenda kukamua. Hakusema habari za asubuhi wala nini. Nyumba nzima ilijifunza kungoja kijiko kipite ndipo watu waongee. Mimi nilikunywa uji tu, na nilianza kulilinda taya langu kama yai. Nililala nimelishika. Nilikiri kwa Petro kwamba nikimeza mate nasikia kitu kinakaza, naye, maskini, akaacha kula.

Kisha ikaja asubuhi ambayo kijiko hakikupita.

Kulikuwa na baridi sana, ukungu umeshuka mpaka mlangoni. "Fungua," Aama alisema, nami nikajaribu, na taya lilikuwa zito, limekakamaa pande zote mbili chini ya masikio. Kijiko kiligonga meno. Akajaribu tena. Kikagonga tena.

Hakupiga kelele. Aliweka kijiko chini, akaniketisha, akaushika ule uzi mrefu na kuuzungusha kwenye kidole chake. Mkono wake wa pili ulinishika nyuma ya kichwa. Uso wake ulikuwa karibu sana na wangu na ulikuwa umekuwa mweupe kwa hofu, kama mtu aliyepakwa majivu. Niliona kwamba hanitazami mimi. Alikuwa anamtazama mtu mwingine.

"Aama," nilisema kupitia meno, "nesi..."

"Nesi yuko mbali."

Uzi ukakaza. Nilihisi jino likianza kuvutwa. Nikavuta pumzi ili nilie, pumzi ikawa ndefu kuliko nilivyotaka, ikaendelea kuingia, na mbele ya macho ya bibi yangu, bila kukusudia hata kidogo, nikapiga mwayo.

Ulikuwa mwayo mkubwa wa mtu aliyelala vibaya huku amelikaza taya usiku kucha kwa kuogopa. Kinywa kilifunguka chote, mpaka kimio kikaonekana. Masikio yakalia. Aama alibaki na uzi kidoleni, anachungulia ndani ya koo langu.

Kisha akauachia uzi. Akakaa chini sakafuni, shuka ikamfunika kichwa, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani anacheka, nami nikacheka. Nilipoifunua shuka nilikuta analia, na alilia asubuhi nzima, na ng'ombe walikamuliwa na Petro.

Siku hiyo alikata ule uzi mrefu kwa kisu, mwenyewe. Hakuja tena na kijiko.

Jino lilishika. Nilimaliza nalo shule, nikaolewa nalo, nikazaa nalo. Nesi Zuhura alihamishwa, na mashamba ya ngano yakaja yakawa hadithi ya aina nyingine. Aama alizeeka mpaka tukasahau kwamba watu hufa.

Mwishoni alipigwa na kiharusi. Upande mmoja ulilala, na taya lake lilibana hata watu wawili wasiweze kulifungua. Tulimleta nyumbani kutoka hospitali. Wanawake wa ukoo walimzunguka wakijaribu kumnywesha, na maziwa yalirudi, yakamteremka shingoni. Yeye alikuwa anatazama. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwa muda wote huo, mtu mzima mwenye watoto, ndipo nikakumbuka.

Niliwaomba wanipishe. Nikachukua kijiko kidogo cha chai, nikauvuta chini mdomo wake, nikaliona pengo. Niliyatia maziwa pale, matone tu. Yakaingia. Nikaona koo lake likipanda na kushuka. Nikatia tena. Macho yake yalinigeukia, na mkono ule mmoja uliokuwa bado na uhai ukapanda taratibu mpaka mdomoni kwangu, ukagusa jino lile. Aliishi kwa maziwa hayo mpaka watoto wake wote walipofika.

Ninajua sasa kilichomuua Elizabeti, na ninajua kwamba pengo lisingemwokoa. Sindano ingemwokoa. Wajukuu zangu nawapeleka wachanjwe bila kuchelewa hata siku moja, na sitamng'oa mtoto jino zima kwa ajili ya hofu. Lakini simcheki tena anayesema lile pengo lilikuwa ushamba. Watu walioona watoto wao wakifa kwa kiu huku maziwa yapo waliketi wakatafuta mahali pa kupitishia. Walipata hapo tu.

Mwaka uliofuata baada ya mazishi, nikila muhindi wa kuchoma, jino langu lilitoka bila damu na bila maumivu. Mzizi ulikuwa umekwisha wote. Nililitia kwenye maziwa, nikapanda basi kwenda nyumbani, nikalizika zizini kabla jua halijazama. Daktari wa meno mjini ameniuliza zaidi ya mara moja kama nataka la bandia. Huwa namwambia aniache kwanza.